Nani Atangulie? Hatari za Kuuziana USDT Ana kwa Ana

Katika biashara ya kuuziana USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kwa fedha taslimu, ugomvi karibu wote huanzia kwenye swali moja: nani atangulie kutoa? Muuzaji akituma sarafu kabla hajashika fedha, hana pa kuzidai. Muamala ukishathibitishwa kwenye mnyororo wa bloku hakuna meneja wa tawi wala namba ya huduma kwa wateja ya kupigia. Mnunuzi naye akitangulia kutoa bunda la noti, anabaki na ahadi ya mtu asiyemjua. Kwenye duka la kubadilishia fedha swali hilo halimsumbui mtu, kwa sababu kuna dirisha, kuna leseni ukutani, na kuna keshia ambaye kesho utamkuta palepale. Kwenye meza ya mkahawa hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Hata hivyo watu wanakutana, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Wapo waagizaji wa bidhaa kutoka Uchina wanaohitaji kumlipa msambazaji wao haraka. Wapo vijana wanaofanya kazi za mtandaoni na kulipwa kwa USDT, ambao mwisho wa mwezi wanataka shilingi za kulipia kodi ya nyumba. Wapo pia waliowahi kufungiwa akaunti baada ya kuuza mtandaoni, nao wameapa kwamba kuanzia sasa ni noti mkononi tu. Kundi hili la mwisho lina hoja, na hoja yao ndiyo inayofaa kuchunguzwa kwanza.

Biashara nyingi ya sarafu hizi kwetu hufanyika kwa malipo ya simu, na malipo ya simu yana matundu. Meseji bandia ni ujanja wa zamani ambao bado unanasa watu: ujumbe unaofanana neno kwa neno na ule wa kampuni, ila umetoka kwenye namba ya kawaida. Dawa yake ni nyepesi, unafungua salio lako mwenyewe na kulisoma. Fedha halisi inayorudi ilikotoka ndiyo shida zaidi. Nchini Kenya aliyekosea kutuma M-Pesa hupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456, na utaratibu wa kurudisha fedha huanza. Ni huduma njema kwa mzazi aliyekosea tarakimu moja. Kwa mnunuzi wa USDT aliyekwisha kupokea mzigo wake, ni silaha.

Lakini kubwa kuliko hayo ni fedha ya mtu wa tatu. Karibu kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaucheka, ila wapo wanaotuma. Jambo lisilojadiliwa sana ni hili: namba ni ya nani? Tapeli wa leo hana haja ya kutumia laini yake mwenyewe. Anaweza kukubaliana nawe kununua USDT za shilingi milioni mbili, akachukua namba yako, kisha akampa mtu anayedhani analipia kiwanja, gari au pango la nyumba. Fedha inaingia kwako, tena fedha halali kabisa. Unatuma USDT. Tapeli anapotea. Mwenye fedha anakwenda polisi akiwa na ushahidi mmoja tu, jina lako lililotokea kwenye simu yake. Laini inafungwa, akaunti inazuiwa, na wewe unaitwa kueleza jinsi ulivyopokea malipo ya kiwanja ambacho hukuwahi kuwa nacho.

Kwa sababu hiyo, jina linalotokea kwenye malipo lazima liwe la mtu unayefanya naye biashara, na lilingane na kitambulisho chake. Akisema "shemeji atakutumia" au "bosi yuko Mwanza, yeye ndiye atalipa", mazungumzo yameisha. Sijaona sababu hata moja ya kulegeza hapo. Na mnunuzi anayekubali kulipa zaidi ya bei ya soko bila kubembelezwa anafaa kuogopwa kuliko anayepunguza bei. Mtu mwenye fedha safi hulalamika juu ya bei. Asiyejali bei mara nyingi fedha si yake.

Hapo ndipo fedha taslimu inapopata mvuto wake. Noti haina 456, haiji na jina la mtu wa tatu, na haifungiwi usiku wa manane. Wengi huruka kutoka hapo hadi kwenye hitimisho kwamba kuonana ana kwa ana ndiyo njia salama. Hitimisho hilo si kweli. Kuonana kunafunga mlango wa utapeli wa simu na kufungua mwingine ambao simu haina: aliye mbele yako anaweza kukupiga. Hatari imehama, haijaondoka. Mtu anayetaka kupima usalama wake ajiulize kama hatari aliyoihamia ni nafuu kuliko ile aliyoikimbia. Kwa viwango vidogo ambavyo watu wengi huuza, jibu langu ni kwamba si nafuu.

Tuiangalie meza yenyewe. Mnunuzi anatoa simu na kuonyesha anwani yake kwenye TRON, mojawapo ya mitandao ya mnyororo wa bloku inayobeba USDT; ni mfuatano wa herufi na tarakimu 34 unaoanza na T. Muuzaji anaunakili au anaupiga picha kwa programu ya pochi, ile inayotunza sarafu zake. Kosa la kwanza hutokea hapa, maana wengi hulinganisha herufi tatu za mwanzo na tatu za mwisho tu. Kuna programu hasidi zinazobadilisha anwani uliyonakili kabla hujaibandika. Kuna pia wezi wanaotengeneza anwani yenye mwanzo na mwisho kama wa ile uliyoizoea, kisha wanakutumia kiasi kiduchu ili anwani yao ikae kwenye orodha ya miamala yako na siku moja uinakili kwa kuzoea. Soma na herufi za katikati. Tuma USDT 10 za majaribio, subiri zionekane kwenye simu ya mwenzako, ndipo uendelee.

Kosa la pili ni la nauli. Kwenye TRON ada ya kutuma USDT hulipwa, kwa pochi nyingi, kwa sarafu nyingine iitwayo TRX. Muuzaji anafika na USDT 3,000 bila TRX hata moja, anabonyeza, muamala unakataa, jasho linaanza. Mnunuzi mwenye nia mbaya anakuwa mwema ghafla: "Lete simu nikuonyeshe." Mara yuko kwenye ukurasa wa maneno 12 ya kurejeshea pochi, na anayeyaona maneno hayo hahitaji tena simu yako. Maneno hayo hayafunguliwi mbele ya mtu, hayapigwi picha, hayaendi kwenye mkutano. Simu inayokwenda kwenye mkutano inafaa iwe na pochi ndogo yenye kiasi cha siku hiyo tu pamoja na TRX za ada. Akiba ibaki nyumbani kwenye pochi ambayo hata wewe, ukilazimishwa pale mezani, huwezi kuifungua.

Upande wa mnunuzi una mitego yake. Mtu yeyote anaweza kutengeneza tokeni na kuiita USDT, na kwenye pochi itaonekana na jina hilohilo. Kinachoitofautisha ya kweli ni anwani ya mkataba wake: kwenye TRON, USDT ya kampuni ya Tether ina mkataba unaoanza na TR7NHq na kuishia na jLj6t. Hapo ndipo mahali pa kuangalia, na uangalie kwenye ukurasa wa kukagua miamala kama Tronscan ulioufungua mwenyewe, wala si kwa kiungo ulichotumiwa au picha uliyoonyeshwa. Kuna hata watu wanaouza kile wanachokiita "flash USDT", sarafu za kuonekana kisha kutoweka. Mara nyingi anayenunua programu hiyo ili atapeli wengine hutapeliwa yeye kwanza, na sijawahi kumwonea huruma.

Muda nao ni sehemu ya usalama, jambo ambalo miongozo mingi hupita juu juu. Bloku moja ya bitcoin huchukua wastani wa dakika 10, na mazoea ya miaka mingi kwa kiasi kikubwa ni kungoja bloku sita, yaani kama saa nzima. Muamala ambao bado haujathibitishwa unaweza kubadilishwa na aliyeutuma kwa kulipa ada kubwa zaidi. Tangu toleo la 28 la programu ya Bitcoin Core, Oktoba 2024, mpangilio wa kawaida wa programu hiyo unaruhusu hilo kwa muamala wowote ambao haujaingia kwenye bloku. Anayepokea bitcoin na kutoa noti mara tu anapoona maandishi ya "inasubiri" ametoa bure. Na anayesubiri saa nzima amekaa saa nzima hadharani na mfuko wa fedha. TRON hutengeneza bloku kila baada ya sekunde tatu, na muamala huwa wa mwisho baada ya bloku 19, yaani kama dakika moja. Hii ni sababu mojawapo ya USDT kutawala biashara ya mkononi, pamoja na bei yake kutotikisika.

Wapo wanaotatua swali la nani atangulie kwa kukata biashara vipande: USDT 10, kisha 200 dhidi ya noti zenye thamani hiyo, kisha nyingine. Kila kipande kikiwa kidogo, anayetangulia anahatarisha kidogo. Ni hesabu nzuri dhidi ya tapeli. Dhidi ya jambazi haisaidii, kwa sababu inaongeza dakika za kukaa na idadi ya mara ambazo mfuko unafunguliwa.

Noti zenyewe zisipite bila kutajwa. Wakenya wanaijua habari ya wash wash, utapeli wa noti bandia, na Tanzania nako noti bandia hukamatwa. Anayepokea dola azijue za 100 zilizoanza kutolewa Oktoba 2013: utepe wa bluu uliofumwa ndani ya karatasi, wenye kengele zinazogeuka kuwa tarakimu 100 unapoinamisha noti, na kengele ndani ya kidau cha wino inayobadilika kutoka rangi ya shaba hadi kijani. Utepe uliobandikwa juu juu huondoka kwa ukucha. Tanzania kuna jambo jingine: biashara ya kubadilisha fedha za kigeni ni ya wenye leseni, na kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zimekataza kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Bunda la dola hotelini lina kesi yake hata kama kila noti ni halali.

Sasa tuje kwenye mwili. Aprili 2018, Singapore, mji unaosifiwa kwa usalama, raia wa Malaysia aliyekwenda kununua bitcoin alinyang'anywa dola 365,000 za Singapore taslimu. Januari 2021, Hong Kong, mfanyabiashara alikutana na mnunuzi ofisini mtaa wa Kwun Tong, akapokea dola milioni 3 za Hong Kong, akatuma bitcoin 15, ndipo kundi la wanaume likaingia na kuondoka na fedha yote. Angalia tofauti. Yule wa kwanza alikuwa mnunuzi, aliporwa kabla ya biashara. Wa pili alikuwa muuzaji, na kwa upande wa sarafu biashara ilikwenda sawasawa kabisa. Hakuna ukaguzi wa Tronscan ambao ungemsaidia. Hatari hukaa na mfuko. Kabla ya kubadilishana iko kwa mnunuzi, baada ya hapo imehamia kwa muuzaji, nayo inamfuata hadi kwenye maegesho, kwenye bodaboda, hadi mlangoni kwake.

Ugumu mkubwa wa jambazi yeyote ni kujua nani ana fedha, atakuwa wapi na saa ngapi. Anayetangaza mtandaoni kwamba ananunua USDT 20,000 taslimu, kisha akapanga mahali na saa na mgeni, amejibu yote matatu kwa hiari yake. Kisha kuna pochi iliyo mfukoni. Mwaka 2009 mchoraji wa Marekani, Randall Munroe, alichora kibonzo kuhusu wezi wanaoachana na kompyuta za kuvunjia nywila na kununua spana ya dola 5 ya kumpigia mwenye nywila. Kilikuwa kichekesho. Januari 2025 nchini Ufaransa, David Balland, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya pochi za sarafu ya Ledger, alitekwa pamoja na mwenzi wake na kukatwa kidole ili fidia ilipwe kwa sarafu hizo. Mei mwaka huohuo, Uganda, mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali alitekwa na kulazimishwa kuhamisha mamia ya maelfu ya dola. Hawa wawili hawakuwa wakiuza kwa mtu wasiyemjua mezani. Walijulikana tu kwamba wanazo. Anayekutana na wageni kila wiki anajitengenezea umaarufu wa namna hiyo mwenyewe.

Ushauri uliozoeleka ni kwenda mahali penye watu, kwenda na rafiki, kukutana mchana. Si ushauri mbaya, ila unapewa uzito kuliko unavyostahili. Jengo la maduka lenye kamera linamzuia mtu kukupiga ukiwa kwenye kiti; halimzuii kumpigia simu mwenzake aliye nje na kumweleza rangi ya shati lako. Rafiki anasaidia kama amekaa meza nyingine na mgeni hajui kwamba yupo. Huko Marekani baadhi ya vituo vya polisi vimetenga maeneo ya watu kuuziana vitu walivyotangaziana mtandaoni. Kwetu, kumwalika mnunuzi wa USDT kituoni ni kualika maswali ambayo pengine hamna majibu yake.

Mahali pamoja panapobadilisha hesabu yote ni kaunta ya benki. Mnakutana ndani ya tawi. Mnunuzi anaweka fedha kwenye akaunti ya muuzaji kwa jina na kitambulisho chake mwenyewe. Keshia anahesabu na kukagua noti kwa mashine. Muuzaji anaangalia salio kwenye programu ya benki, wala si karatasi ya kuwekea fedha ambayo yeyote anaweza kuichapisha. Ndipo anatuma USDT wakiwa bado ndani. Noti bandia zimekamatwa na mashine, fedha ya mtu wa tatu imepungua nguvu kwa sababu mwekaji yupo na jina lake limeandikwa, na muuzaji anatoka mikono mitupu. Mnunuzi bado ana safari ya kuleta fedha benki, ila kama ana akaunti benki hiyohiyo, anahamisha palepale na hakuna mfuko kabisa. Anayekataa kaunta kwa sababu "benki wanauliza maswali" amekueleza jambo muhimu juu ya fedha yake. Na wewe ukiulizwa na benki, sema kweli. Biashara ambayo haisemeki mbele ya karani ina shida ambayo mkahawa hautaitatua.

Urahisi wa kuusema ukweli huo unategemea uko nchi gani. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliwi nchini. Miaka mitano baadaye, Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Mtu anatozwa kodi kwa jambo ambalo benki yake inaweza kumfungia akaunti kwa kulifanya. Kenya imekwenda mbali zaidi: Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayowaweka chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na kudai leseni kwa wanaofanya kazi hiyo kibiashara. Anayeuza mara moja mali yake na anayeuza kila siku kwa faida si mtu mmoja mbele ya sheria ya namna hiyo.

Mgeni aliye mezani anaweza pia kuwa askari. Februari 2014 mkazi mmoja wa Miami Beach alikamatwa baada ya kumuuzia bitcoin kachero aliyejifanya mnunuzi, na ambaye alimweleza kwamba atazitumia kununua taarifa za kadi za benki zilizoibwa. Jaji alifuta kesi Julai 2016. Mahakama ya rufani ikairudisha Januari 2019. Mnunuzi akikuambia fedha ni ya nini na jambo hilo ni la jinai, ukaendelea kuuza, huwezi tena kudai kwamba hukujua. Kampuni zinazowakutanisha wauzaji na wanunuzi ziliona mzigo huo mapema. LocalBitcoins ya Helsinki, iliyoanzishwa 2012 na kuwakutanisha watu uso kwa uso katika miji mingi duniani, iliondoa biashara ya taslimu ya ana kwa ana Juni 2019, na 2023 ikafunga kabisa.

Ukivamiwa, toa. Toa simu, toa nywila ya pochi ndogo, usibishane. Kisha, ukiwa salama, andika haraka saa ya tukio, anwani zilizopokea na namba ya utambulisho wa muamala, unayoipata kwa kutafuta anwani yako kwenye Tronscan kutoka simu nyingine yoyote. Nenda polisi upate namba ya kumbukumbu ya tukio, OB kama uko Kenya, au RB kama uko Tanzania. Watu wengi hawaendi kwa aibu au kwa kuogopa kuulizwa, na hapo wanapoteza nafasi pekee waliyo nayo: Tether ina uwezo wa kuzuia USDT zilizo kwenye anwani fulani, na imewahi kufanya hivyo mara nyingi kwa maombi ya vyombo vya dola, mradi mwizi hajazibadilisha kuwa kitu kingine. Bitcoin haina wa kuizuia.

Benki Kuu zetu zinazo tayari nyenzo za kuiondoa biashara hii kwenye meza za mikahawa. Maduka ya kubadilishia fedha yana leseni, kamera, mashine za kukagua noti na wajibu wa kuandika jina la mteja. Kenya, ambayo sasa ina sheria, iwape leseni ya kununua na kuuza USDT dirishani wale wanaotimiza masharti. Tanzania iamue kama inayemtoza kodi inamtambua au haimtambui. Na wewe unayepanga kukutana na mtu kesho saa nane, mpigie sasa umwambie mkutano umehamia benki. Akikataa, usiende.